Kijana wa Helsinki na Mashine Yake

Watu wengi wakisikia habari za mhandisi wa programu hudhani kuwa ni fundi wa kufungua kompyuta kwa bisibisi. Sivyo. Kazi ya mtu huyo ni kuandika. Huandika maagizo, mstari baada ya mstari, kwa lugha iliyotungwa makusudi, na mashine huyafuata kama yalivyo, hata yakiwa ya kipumbavu. Napenda kuieleza kazi hiyo kwa habari za kijana mmoja, Linus Torvalds, aliyezaliwa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwaka 1969.

Babu yake mzaa mama alikuwa profesa wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Mzee huyo alinunua kompyuta ndogo, Commodore VIC-20, akawa akimpakata mjukuu wake ili amchapie programu alizokwisha kuziandika karatasini. Linus alikuwa na umri wa miaka 11 hivi, na tangu hapo hakubanduka. Mama yake aliwaambia rafiki zake kwa mzaha kwamba mtoto huyu hana gharama: mfungie kabatini pamoja na kompyuta, umrushie tambi kavu mara kwa mara, ataridhika.

Mwezi wa Januari 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo hicho mwenye miaka 21, alinunua kompyuta yake mwenyewe kwa fedha za Krismasi na mkopo wa masomo, na deni lililobaki akawa analilipa kidogo kidogo. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 4. Picha moja tu ya simu ya leo yaweza kupita kipimo hicho.

Sasa nieleze alichokifanya. Ndani ya kompyuta kama ile mlikuwa na kichwa kimoja cha kufanya hesabu, na programu nyingi zilikitaka kwa wakati mmoja. Ni kama bomba moja la maji bwenini alfajiri: asipokuwapo kiranja wa zamu, wenye nguvu huoga na wengine huenda paredi na sabuni masikioni. Kiranja wa kompyuta huitwa mfumo wa uendeshaji, na sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Huipa kila programu zamu ya sehemu ndogo mno ya sekunde, hata mtazamaji akadhani zote zaenda pamoja. Torvalds alianza na jaribio la kuchekesha: kazi mbili, moja ya kuandika herufi A, ya pili ya kuandika herufi B. Alipoona kiooni A nyingi zikifuatwa na B nyingi, kisha A tena, alijua kuwa kiranja wake amekwisha kushika zamu.

Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo aliokuwa akijifunzia, kwamba anatengeneza mfumo wake kwa kujifurahisha tu, akawauliza wangependa uwe na nini. Septemba akautoa bure, mistari kama 10,000, nao ulikuwa bado mbichi. Yeye alipenda uitwe Freax. Ari Lemmke, aliyeuweka katika kompyuta ya kuwagawia watu, akauandikia jina la Linux. Baadaye mwaka huo huo aliiagiza kompyuta yake ipige simu, kumbe agizo limeelekezwa kwenye diski, likaiharibu Minix yote. Mwingine angaliirudishia. Yeye akaona afadhali ategemee wake.

Hapa ndipo ninapomstaajabia. Mimi hufunika kwa mkono jibu la hisabati nisilo na hakika nalo, na kosa langu hukaa nami hadi siku ya mtihani. Yeye alionyesha kazi mbichi, na watu wasiomjua wakamletea makosa yake pamoja na masahihisho. Mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu kila mtu kuibadili, ila akiigawa sharti atoe na maandishi yake kwa uhuru ule ule. Leo kiini hicho kimepita mistari milioni 30, na mingi kabisa imeandikwa na wengine.

Hakuishi kabatini maisha yote. Mwaka 1993 alikuwa akifundisha chuoni, akawapa wanafunzi zoezi la kumwandikia barua ya kompyuta. Mmoja wao, Tove, bingwa wa karate wa Ufini mara sita, akaandika kumwalika watoke pamoja. Walioana, wakapata binti watatu. Hupenda pia kuzamia baharini, na mwaka 2011 alianza programu ya kuwekea kumbukumbu za wazamiaji.

Ana kasoro yake. Kwa miaka mingi aliwakaripia kwa maneno makali waliomletea kazi mbovu. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa majuma machache. Nadhani aliyejengwa na masahihisho ya watu angaliweza kuwa mpole mapema zaidi.

Atakaye kuiona kazi hii na aiombe simu ya Android ya mjomba wakati wa likizo, afungue sehemu ya maelezo ya simu. Katika simu nyingi atakuta namba ya toleo la kiini. Kiini hicho ni Linux.