Muhogo wa Mvuke: Chakula cha Subira

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za njaa kule Gilgali. Mtu mmoja aliokota matunda ya porini asiyoyajua, akayakatia chunguni. Elisha hakuwaambia watu walale njaa. Alitia unga chunguni, wakala salama.

Nasi wa Dodoma tunalo zao linalotaka akili ya namna hiyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na mahindi yanaponyauka, muhogo husimama. Lakini ndani yake imo sumu ya sianidi, hasa katika muhogo mchungu. Kuitoa ni kazi ya mikono yetu.

Wenzetu wa Ivory Coast wana chakula kiitwacho atieke: muhogo uliokwaruzwa, ukachachushwa, ukakamuliwa na kupikwa kwa mvuke. Mwaka 2024 UNESCO iliuandika ujuzi huo katika urithi wa utamaduni wa dunia. Hivi ndivyo tunavyoweza kuupika huku kwetu.

Mahitaji (watu 5 au 6)
Muhogo mtamu mbichi kilo 2
Chumvi na mafuta kidogo
Samaki nusu kilo
Nyanya 4, vitunguu 2, ndimu 1

Namna ya kupika
1. Menya muhogo, toa mzizi wa katikati, osha, kisha ukwaruze kwa bati lililotobolewa kwa msumari.
2. Weka katika ndoo safi, funika kwa kitambaa, uache uchache kwa siku 2. Wenyewe hutia kipande cha muhogo uliokwisha kuchacha ili kuharakisha.
3. Tia katika mfuko safi, kamua, kisha weka jiwe zito juu yake hadi maji yaishe. Mwaga maji hayo shimoni, mbali na mbuzi na kuku.
4. Chekecha, kisha zungusha katika ungo hadi upate chembe ndogo. Anika kidogo juani.
5. Changanya na mafuta na chumvi. Weka katika chujio lililotandikwa kitambaa, juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kwa nusu saa. Geuza mara mbili tatu, wala usifunike kabisa. Hewa ya sumu nayo hutoka na mvuke.
6. Pakua pamoja na samaki wa kukaanga, kama wale wa Mtera, na kachumbari.

Kwa nini tusiharakishe?
Muhogo unapokwaruzwa, sumu hufunguka. Maji yakikamuliwa na moto ukiwaka, huondoka. Tukikatisha njia kwa sababu watoto wanalia njaa, sumu hubaki. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, mkoani Mara, watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha walipatwa na konzo. Ni neno la Kiyaka cha Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa.

Konzo huja pale muhogo mchungu unapoliwa kila siku bila kitoweo cha maana. Mwili huhitaji protini ili kuivunja sumu. Kwa hiyo samaki, dagaa, kunde au karanga si anasa. Mwaka wa njaa, afadhali tupunguze muhogo sahanini na kuongeza kunde, kuliko kujaza muhogo mtupu.

Mtu akila muhogo kisha akatapika, akaumwa kichwa na kuona kizunguzungu, tusingoje kesho. Tumpeleke kituo cha afya mara moja, tukieleza alichokula.

Dada zetu, njaa hutufundisha haraka, lakini chakula hiki hutaka siku 2. Tuanze kukwaruza kabla debe la unga halijaisha, ili subira isiwe mzigo kwa watoto. Na tunapoomba riziki ya leo, tuikumbuke pia ndoo inayochacha kwa ajili ya kesho kutwa.