Pikipiki za kazini: kanuni za mwajiri zina maana gani kwa mama na mtoto?

Mama, kama umeajiriwa hapa Katavi, iwe shuleni, kwenye shirika, chama cha ushirika au taasisi ya mikopo, huenda umeshapewa karatasi ya kusaini inayosema kwamba mfanyakazi haruhusiwi kupanda bodaboda katika safari za kazi. Au ni kinyume chake: umekabidhiwa pikipiki na kuambiwa vijiji vyako ni hivi hapa. Wengi husaini haraka kwa sababu kazi ni ngumu kupatikana. Soma kwanza. Kanuni hizo zinahusu mwili wako, na ukiwa mjamzito au unanyonyesha zinahusu miili miwili.

Kwa nini waajiri wanaweka kanuni hizi

Kwenye pikipiki hakuna mkanda wala bodi ya kukukinga. Ukianguka, kinachogonga chini ni kichwa, mabega na miguu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza karibu kila mahali ni kofia ngumu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini ni kofia iliyofungwa kamba chini ya kidevu. Ile inayoning'inia kwenye usukani mpaka mkaribie askari haimsaidii mtu.

Kanuni nyingine utakazozikuta ni leseni ya daraja A, abiria mmoja tu (mishikaki hairuhusiwi), kumwaga mtu ofisini kabla ya kuondoka, na kutosafiri usiku. Mimi naona hii ya usiku ndiyo yenye thamani kubwa kwa mkoa wetu. Barabara ya Mpanda kwenda Kibaoni inapita Sitalike na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Viboko hutoka Mto Katuma kwenda kula majani giza likiingia, na tembo havuki barabara kwa kusubiri taa yako. Ukielekea Karema, Mwese au Mishamo, kiangazi unapambana na vumbi linaloficha mashimo, na kuanzia Novemba hadi Aprili unapambana na utelezi na maji yanayokata njia. Kanuni iliyoandikwa na mtu wa ofisini Dar es Salaam inaweza isijue hayo, kwa hiyo mweleze.

Si kila mwajiri anakataza. Shirika la Riders for Health, lililoanzishwa na Andrea na Barry Coleman wa Uingereza, lilijengwa juu ya wazo kwamba mhudumu wa afya barani Afrika anaweza kuwafikia watu kwa pikipiki kwa usalama, ikiwa amefundishwa kuendesha na pikipiki inafanyiwa matengenezo kabla haijaharibika. Hapo ndipo pa kumpima mwajiri wako: je, amekupa mafunzo, au amekupa ufunguo tu?

Katazo lisilo na nauli

Hili nataka tuliongee wazi. Kuna katazo linalokulinda, na kuna katazo linalomlinda mwajiri peke yake. Ukiambiwa usipande bodaboda, halafu hakuna gari la ofisi wala nauli ya bajaji, na ripoti ya kijiji inatakiwa Ijumaa, utapanda bodaboda kwa pesa yako na kukaa kimya. Siku ukianguka, karatasi uliyosaini itatolewa kwenye faili.

Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini, tena uliza kwa mfano: nikishuka kwenye basi Inyonga na kijiji kiko kilomita 15 mbele, nitafikaje? Nani analipa? Nikichelewa hadi jioni, nilale wapi na kwa pesa ya nani? Omba majibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Kofia ngumu, koti linaloakisi mwanga, glavu na viatu vya kufunika kifundo cha mguu ni vifaa vya kujikinga kazini. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kuvitoa ni jukumu la mwajiri, bila kukukata mshahara.

Ukiwa mjamzito

Mimba inapokua, uzito wa mwili husogea mbele na viungo hulegea. Kudhibiti pikipiki kwenye mchanga kunakuwa kugumu, na hata abiria hukosa kushika vizuri. Hatari kubwa zaidi ni kugongwa tumbo. Mgongano au mwanguko unaweza kufanya kondo la nyuma liachie kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi kabla ya wakati, na mtoto akakosa hewa. Jambo la kutisha ni kwamba mama anaweza kuinuka, akajikung'uta vumbi, akaendelea na kazi, na dalili zikaja saa kadhaa baadaye. Ukianguka ukiwa na mimba, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama husikii maumivu. Ukiona damu, maji yakitoka, tumbo likikaza au kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kupambazuke.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumtaka mjamzito au anayenyonyesha afanye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, wala asimruhusu kuifanya. Sheria haitaji pikipiki kwa jina. Kwa hiyo njoo kliniki mapema, mweleze muuguzi unasafiri vipi kazini, upewe maelezo ya maandishi ya kumpelekea mwajiri, ili mzungumze kuhusu kazi nyingine ya kufanya kwa muda. Sheria hiyo hiyo inakataza kumpangia mjamzito kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Ukirudi kazini na mtoto mchanga

Hapa ndipo kina mama hubanwa. Mtoto ananyonya, safari ni ya kutwa, basi anafungwa mgongoni kwa khanga na pikipiki inaondoka. Kanuni za usafirishaji wa pikipiki hapa nchini zinakataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9. Mtoto mdogo hawezi kujishika, kofia ngumu ya kumtosha haipatikani, na shingo yake haiwezi kuhimili kishindo. Kumbana katikati yako na dereva, au kumkalisha mbele kwenye tangi, hakumkingi.

Sheria ya mwaka 2004 inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ziombe, na omba upangiwe vijiji vya karibu katika miezi hiyo. Safari ndefu ikibidi, kamua maziwa kwenye chombo safi chenye kifuniko na umwachie mlezi. Kwa joto letu, yasiyowekwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 4, na mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Kuna mambo madogo ambayo karatasi za mwajiri huyasahau kwa sababu mara nyingi ziliandikwa zikimfikiria mwanaume. Dera, khanga na mtandio huvutwa na mnyororo au gurudumu. Vaa suruali chini, kisha kunja nguo yako vizuri. Kukaa upande kunaonekana kwa heshima, lakini breki moja ya ghafla inakutupa barabarani, kwa hiyo kaa ukitanua miguu. Kwenye pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia. Shukia kushoto. Ukiungua, mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20, na dawa ya meno iache kazi yake ya meno.

Ajali ikitokea ukiwa kazini

Matibabu kwanza. Fomu ya PF3 ya polisi inahitajika, lakini mtu anayevuja damu au aliyepoteza fahamu ahudumiwe huku fomu ikifuatiliwa. Aliyegonga kichwa akianza kutapika, kusinzia kusiko kawaida au kuongea ovyo, arudishwe hospitali hata kama aliruhusiwa.

Kisha mjulishe mwajiri haraka, kwa maandishi, ukitaja mahali, saa na kazi uliyokuwa unakwenda kuifanya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipia matibabu na fidia kwa anayeumia kutokana na kazi, na mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwako. Usijihukumu mapema kwamba haki imepotea kwa sababu ulipanda bodaboda uliyokatazwa. Anayeamua ni Mfuko, si bosi wako. Kama unafanya kazi kwa posho bila mkataba, uliza leo kama umo kwenye orodha ya mwajiri huko WCF, kabla hujapanda tena.

Na kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga aliyepata dharura, usimpakie kwenye pikipiki kama kuna njia nyingine. Piga 115, namba ya bure ya m-mama, utafutiwe usafiri wa kumfikisha kituoni.