Dawa Niliyoiacha Siku ya Tano

Mwaka wa pili nilianza kukosa lekcha. Haikuwa uvivu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, nakodolea macho kitanda cha juu mpaka kunakucha, halafu mchana sina hamu ya kitu chochote, hata siku bumu likiingia. Rumeti wangu akasema, "Ndugu yangu, hii siyo stresi ya testi. Nenda hospitali."

Nikaenda. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kwa daktari nilitumia dakika saba. Mlango uliachwa wazi, nesi akaingia mara mbili kuchukua mafaili.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Umeachwa na mpenzi?"

Nikasema hapana. Akaniambia vijana wa chuo mnawaza sana, punguza simu, huku anaandika. Dirisha la dawa nikapewa amitriptyline. "Kimoja usiku." Basi.

Asubuhi yake kichwa kizito, mdomo umekauka kama nimelamba chaki. Kwenye lekcha ya saa moja nililala mbele ya mhadhiri. Siku ya tano nikavitupa vile vidonge. Nikajiambia: kama hata dawa imenikataa, basi mimi ndiye nimeshindikana.

Kumbe sikuelezwa jambo moja tu. Sisi tumezoea Panadol, unameza na baada ya muda mfupi kichwa kinatulia. Dawa za sonona haziendi hivyo. Maudhi yake, yaani usingizi, mdomo kukauka, choo kigumu, huanza siku za mwanzo na mengi hupungua. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wengine hata 6. Kwa hiyo wiki ya kwanza unalipa gharama na mzigo hujaupata. Asiyejua hilo ataacha, tena kwa akili zake timamu.

Lingine linanitisha mpaka leo. Kwa baadhi ya vijana, wiki za mwanzo za dawa hizi mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Marekani, tangu 2007, onyo hilo linawataja vijana hadi miaka 24. Mimi nilikuwa na 20, na sikupewa hata tarehe ya kurudi. Ukijikuta hapo usisubiri kliniki: mwambie mtu alale na wewe chumbani, na mwende hospitali usiku huohuo.

Namtetea daktari kidogo, foleni ilikuwa ndefu kweli. Ila lipo dodoso la maswali 9 tu, PHQ-9, hata kwa Kiswahili lipo. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona huna thamani. Alama ni 0 hadi 27. Linachukua dakika chache. Sisi wa ualimu tukiingia darasani bila kujua wanafunzi wanajua nini, msimamizi wa mazoezi anatukata maksi.

Miezi mitatu baadaye nilijaribu kwingine. Nilimkuta mama mmoja, afisa tabibu. Kwanza akafunga mlango. Akauliza dawa ya awali niliiacha kwa nini, wala hakunigombeza. Tukaenda swali moja moja. La tisa ndilo la mawazo ya kufa au kujidhuru. Nilikaa kimya muda mrefu. Akaweka kalamu mezani, akasema, "Chukua muda wako, mwanangu."