SOKETI IMEKUFA: TUFANYE NINI KABLA YA KUMWITA FUNDI?



Tunapotembelea bloki, swali moja hutujia mara kwa mara: "Soketi yangu imekufa, nifanye nini?" Wengine, hasa sisi tuliotoka Kongo, tulizoea kuiita prizi. Jina lolote utakalotumia, ni pale ukutani unapochomeka plagi ya redio, chaja au pasi.

Hapa Kakuma wengi wetu hupata umeme kutoka jenereta ya mfanyabiashara wa jirani, kwa waya unaopita juu ya mapaa. Baadhi ya wenzetu wa Kalobeyei wana umeme wa jua unaosambazwa kwa nguzo na mita. Njia ni tofauti, lakini soketi ni zile zile na hatari ni ile ile. Tafadhali someni mpaka mwisho, na anayejua kusoma awasomee wasiojua.

KWANZA TUELEWE JAMBO MOJA

Soketi iliyokufa huenda bado ina umeme wa kuua.

Umeme huja kwa waya mmoja, ambao mafundi huuita layini au waya wa moto. Hurudi kwa waya wa pili unaoitwa nyutro. Waya wa tatu ni wa ethi: kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja ili usikupite wewe. Waya wa kurudi ukikatika, taa haiwaki na redio haiimbi. Lakini waya wa moto bado uko pale na umeme wake wa volti 240. Ukiugusa, mwili wako ndio unakuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kwetu kambini. Mchana jenereta ikizimwa, watu husema, "Hakuna stima, acha nifungue soketi nione." Katika bloki yetu kijana mmoja kinyozi alifanya hivyo. Mashine yake ilikuwa imekataa, jenereta ilikuwa imezimwa, akatoa skrubu na kuingiza vidole. Mwenye jenereta hakujua habari hiyo. Akaiwasha. Kijana alirushwa nyuma, mkono ukaungua. Mungu alimsaidia akapona, lakini kwa majuma matatu hakuweza kushika mashine, na nyumbani kwao ni yeye aliyekuwa akinunua mboga. Tangu siku hiyo tunasema: jenereta iliyozimwa na mtu mwingine si jenereta iliyozimwa.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua hizi hazihitaji kuifungua soketi. Mtu mzima yeyote anaweza kuzifuata. Mikono iwe mikavu, uvae viatu, na watoto wakae mbali.

1. Uliza kama umeme upo. Je, taa ya ndani inawaka? Kwa jirani wa waya mmoja nawe kuna umeme? Kama bloki nzima iko gizani, soketi yako haina kosa. Mwenye mita aangalie kama yuniti zimekwisha.

2. Jaribu kifaa kingine. Chukua chaja au taa ambayo una hakika ni nzima, uichomeke kwenye soketi hiyo. Ikifanya kazi, ugonjwa uko kwenye kifaa cha kwanza, si kwenye soketi. Watu wengi wamelipa fundi wa soketi kumbe ni waya wa chaja uliokatika ndani.

3. Angalia fyuzi ya plagi. Plagi yenye miguu mitatu ya bapa ina fyuzi ndogo ndani yake. Chomoa plagi kabisa kabla ya kuigusa. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kiasi kile kile. Yenye rangi nyekundu ni ya ampea 3, kwa vitu vidogo kama redio na taa. Ya kahawia ni ya ampea 13, kwa pasi na vitu vinavyotoa joto. Usizungushie fyuzi karatasi ya fedha ya sigara wala kuweka kipande cha waya. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili nyumba isiungue.

4. Kama unatumia ekstensheni, ichomoe. Jaribu kifaa moja kwa moja ukutani. Ekstensheni zetu hukanyagwa, hupitishwa chini ya mikeka, na waya wake hukatika bila kuonekana.

5. Angalia swichi. Soketi nyingi za huku zina swichi ndogo pembeni. Huenda mtoto ameizima. Halafu nenda kwenye swichi kuu au kibokisi cha breka, kama nyumba inacho. Ukikuta breka moja imeanguka, chomoa kwanza vifaa vyote. Ishushe mpaka chini kabisa, kisha uipandishe. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha tena ndicho kibovu. Ikianguka hata wakati hakuna kitu kilichochomekwa, iache. Usiilazimishe wala usiifunge kwa kamba. Inakuambia kwamba kuna hitilafu kwenye waya.

6. Tumia macho, pua na masikio. Je, soketi ina weusi kama moshi? Ina harufu ya plastiki iliyoungua? Inatoa sauti ya kukwaruza? Ukuta umelowa? Ukiona moja ya dalili hizi, usiguse soketi. Zima kwenye swichi kuu. Kama huna swichi kuu, mwombe mwenye jenereta azime laini yako.

HAPO KAZI YAKO IMEKWISHA

Kama yote sita hayakusaidia, kosa liko ndani ya soketi au kwenye waya, na hiyo ni kazi ya fundi. Fundi mzuri utamjua: kwanza atahakikisha umeme umezimwa na kuna mtu anayelinda swichi au jenereta. Pili, atapima. Testa ile yenye taa ndogo huonyesha kama waya wa moto una umeme, lakini haionyeshi kama nyutro imekatika. Ndiyo sababu testa inaweza kuwaka na soketi isifanye kazi. Tatu, hataunganisha waya kwa kuusokota na kuufunga mfuko wa nailoni.

Mweleze fundi ulichokwisha kujaribu. Utampunguzia muda, nawe utapunguziwa gharama.

MAMBO YANAYOUA SOKETI ZETU

- Kuchomeka plagi ya miguu miwili ya duara, kama zile za kwetu Kongo, kwa kufungua tundu la juu kwa kalamu au kijiti. Miguu ile hupanua vyuma vya ndani. Baadaye plagi ya kawaida hulegea, hutoa cheche na kuunguza soketi. Tena pasi ya namna hiyo inakosa ethi. Nunua adapta, ni rahisi kuliko soketi mpya.
- Kuzidisha mzigo. Chaja ya wati 10 haivuti hata nusu ya ampea 1. Jagi la kuchemshia maji la wati 2000 huvuta zaidi ya ampea 8. Waya mwembamba wa taa haubebi mzigo huo. Hupata moto ndani ya ukuta au chini ya paa.
- Panya wanaotafuna waya, na mvua inayoteremka kwenye ukuta wa udongo.

MTU AKINASWA NA UMEME

Usimshike! Utanaswa nawe. Zima umeme kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, umsukume kwa mti mkavu. Usitumie chuma wala kitu chenye maji. Piga kelele upate msaada. Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze mara moja kumkandamiza kifua. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe kliniki, kwa maana umeme huweza kudhuru moyo bila kuacha alama.

Ndugu zangu, nyumba zetu zimekaribiana, na moto hauulizi mtu ametoka nchi gani. Soketi moja mbovu ni hatari ya bloki nzima. Ukiona waya uliolegea au kuanguka njiani, weka mtu azuie watoto, kisha mwambie mwenyekiti wa bloki na mwenye jenereta siku hiyo hiyo. Giza la usiku mmoja tunaweza kulivumilia.



Mhamasishaji wa jamii