Kipepeo cha Bibi

Hapa Igawa, jua la Usangu linapokuwa kali, twashika kipepeo wala hatuifikiri kazi iliyomo. Msusi hukata majani machanga ya mkindu yasiyofunuka bado, huyaanika juani hata yawe meupe, huyachana nyembamba. Chane nyingine huzichemsha katika rangi. Kisha huzisuka, akaufunga msuko katika kijiti. Chane zisipolingana, msuko huenda upande.

Hata wafalme walivipenda vipepeo. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipatikana mwaka 1922. Ndani yake kilikuwamo kipepeo cha mti kilichovikwa dhahabu, chenye sanamu ya mfalme akiwinda mbuni. Dhahabu ilisalia miaka zaidi ya 3,000, bali manyoya ya mbuni yaliliwa na wadudu.

Basi, ikiwa cha mfalme kiliharibika, cha ukindu kitadumuje? Hudumu mikononi mwa ajuaye kusuka. Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, msikitupe kipepeo kikuukuu cha bibi. Mketisheni mtoto karibu naye, amfundishe angali hai. Ili siku ya kuzikwa kwake, ujuzi wake usizikwe pamoja naye.