Umegawa Databesi ya Access Ikakataa? Soma Hii Kabla Umlaumu Msee wa Kaunta

Kama unachapa job kwa duka, shule ama chama hapa Eldoret, pengine kuna faili moja ya Microsoft Access kwa kompyuta ya ofisi inabeba maisha ya watu. Nani amelipa, nani anadaiwa, nani alichukua mbolea kwa deni. Siku mdosi ananunua kompyuta ya pili, hiyo faili inafaa kugawanywa. Na hapo ndio kunaumana.

Mimi nilichanuka kwa njia chungu. Nilikuwa nimeachana na chuo, nasota, nikapata kibarua kwa agrovet moja hapa mjini. Jina naliacha. Kazi: kompyuta ya mdosi na ya dem wa kaunta zitumie databesi moja. Nikagawa, zote mbili zikafunguka, nikalipwa thao tatu nikajitoa.

Wiki mbili baadaye napigiwa simu. Kompyuta ya mdosi inasema kuna mbolea ya kutosha, lakini stoo ina mapengo. Magunia 38 hayaonekani. Mdosi ameshaamua: huyu dem ni mwizi, kesho anaenda.

Nitakushow kilichotokea. Kwanza uelewe mchezo wenyewe.

Kugawa ni nini

Access ina kitufe chake kwa "Database Tools", kimeandikwa "Access Database". Ukibonyeza, faili inakuwa mbili. Ya nyuma, yenye jina linaloishia na _be, inabeba majedwali, yaani data yenyewe. Ya mbele inabaki na fomu, ripoti na zile linki za kufikia data. Ya nyuma inakaa mahali pamoja kwa netiwaki. Ya mbele kila mtu anapata kopi yake kwa mashine yake. Msishare moja, itaharibika.

Kabla uguse chochote, weka kopi ya faili nzima kando. Hii si ushauri, ni sheria.

Inakataa kugawanyika

Ikilia kwamba jedwali linatumika na mtu mwingine, kuna msee ako ndani. Toa kila mtu, funga kila fomu, jaribu tena. Angalia kama kuna kafaili kanaishia na .laccdb kwa hiyo folda. Kakiwa hapo, kuna mtu bado hajatoka, ama kuna mashine ilizimika vibaya.

"Is not a valid path" ama "Could not find file"

Faili ya mbele inatafuta ya nyuma mahali haipo. Mara nyingi kuna mtu alihamisha folda, ama kwa mashine moja hiyo drive ni Z na kwa nyingine ni Y. Fungua "Linked Table Manager" uonyeshe njia upya. Usitumie herufi ya drive. Tumia njia inayoanza na \\ halafu jina la kompyuta, kwa sababu hiyo ni ile ile kwa mashine zote.

"Operation must use an updateable query" ama "file already in use"

Hapa watu hupoteza siku nzima wakikagua kwiri, na mara nyingi shida ni ruhusa za folda. Mtu akifungua databesi, Access inaunda kale kafaili ka .laccdb, na wa mwisho akitoka inakafuta. Kwa hivyo kila mtu anahitaji ruhusa ya kusoma, kuandika, kuunda na kufuta kwa folda nzima. Ruhusa ya faili peke yake haitoshi. Pia hakikisha hakuna mtu ameifungua kwa "Exclusive".

"Unrecognized database format"

Kama jana ilifunguka poa na matoleo ya Access ni sawa, faili ya nyuma imeharibika. Washukiwa ni wawili: waifai na stima. Access haipendi netiwaki ikatike katikati ya kuandika. Tumia waya, na ile mashine inayoweka data iwe na UPS. Wakenya tunajua vile nchi ilizimika usiku wa 25 Agosti 2023. Usiweke faili ya nyuma kwa OneDrive ama Google Drive watu wakiifungua kutoka huko. Ikiharibika, ikopi kwanza, halafu ujaribu "Compact and Repair" kwa hiyo kopi.

Isiyolia kabisa

Hii ndio ilitaka kumaliza yule dem.

Niligawa kwa mashine ya mdosi, faili ya nyuma ikakaa C:\Duka. Halafu nikabeba folda yote kwa flashi nikaiweka C:\Duka ya kaunta. Linki inakumbuka njia kamili, so kila kompyuta ilitafuta C yake, ikapata faili yake, ikatulia. Hakuna ujumbe, hakuna kelele. Dem aliandika kila gunia alilotoa kwa deni, lakini kwa databesi ambayo mdosi hakuwahi kuiona.

Nilifungua kompyuta yake mbele ya mdosi. Magunia 38 yote yako hapo, na majina ya wakulima. Tulikaa mpaka saa tatu usiku tukiyaingiza upya moja moja, kwa sababu namba za rekodi za faili hizo mbili zilikuwa zimegongana. Dem alibaki kazini. Zile thao tatu nilirudisha.

So ukimaliza kugawa, weka kasa ya mauzi juu ya jina la jedwali usome njia iliyoandikwa. Halafu andika mteja feki kwa mashine moja, umtafute kwa nyingine. Hayuko? Hujamaliza kazi. Dakika moja tu, na mimi sikuifanya.

Na isikushinde kuhama

Usidhani Access ni ya maduka tu. Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, hapo Nandi karibu na sisi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa mfumo wa Access uliojengwa na wasee wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Indiana, Marekani. Kazi ikaingia kliniki za HIV za AMPATH, wagonjwa wakaongezeka, mfumo ukalemewa. Mwaka wa 2004 wakaanza kujenga OpenMRS, na 2006 ikaanza kutumika hapa Eldoret. Sai iko nchi nyingi duniani.

Faili ya Access haipiti GB 2, hata ukiigawa vizuri aje. Ikikaribia hapo, anza kutafuta seva ya ukweli.

Lakini leo, kama kuna mtu ofisini kwenu anaitwa mwizi juu ya namba za kompyuta, cheki linki kwanza.