Mfundishe Mtoto Kurusha Mpira Bila Kuumiza Mkono

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo tu: namna ya kurusha mpira.

Huenda unajiuliza, "Kurusha mpira kunahusiana vipi na afya?" Kunahusiana kwa njia mbili.

Kwanza, mtoto anahitaji kucheza. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Michezo mingi, kama kati, netiboli na raga, inahitaji kurusha. Mtoto asiyejua kurusha, na mara nyingi huyu ni msichana ambaye hakuna aliyemfundisha, huishia kukaa kando akitazama wenzake.

Pili, mtoto anayerusha kwa nguvu ya mkono peke yake anaweza kuumia bega au kiwiko. Mifupa ya mtoto bado inakua. Karibu na ncha za mifupa hiyo kuna sehemu laini, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Misuli ikivuta sehemu hiyo tena na tena bila kupumzika, inaumia. Uchungu huo si ujanja wa kukwepa kazi za nyumbani.

JE, NGUVU YA KURUSHA HUTOKA WAPI?

Wengi hudhani hutoka mkononi. La. Hutoka miguuni. Mfikirie Julius Yego, mzaliwa wa Nandi. Mwaka 2015 kule Beijing alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2016 akapata medali ya fedha katika Olimpiki za Rio. Yego alijifunza mengi kwa kutazama video za warushaji wengine kwenye intaneti. Mrushaji wa mkuki hukimbia, hukanyaga chini kwa nguvu kwa mguu wa mbele, nyonga hugeuka, kifua hufuata, na mkono huja mwisho. Ni kama mjeledi wa mchungaji: mpini husogea kwanza, ncha hufuata kwa kasi.

Basi, mama, hata wewe ambaye hujawahi kucheza unaweza kumwonyesha mtoto. Chukua soksi kuukuu, ijaze vitambaa, kisha ifunge vizuri. Zamani mipira hii ilitengenezwa kwa majuala, lakini mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Mpira wa vitambaa ni bora zaidi, kwani ni mwepesi na hauumizi.

HATUA ZA KUFUATA

Tuseme mtoto anatumia mkono wa kulia.

1. Asimame kiubavu, bega la kushoto likielekea mahali anaporusha. Miguu iachane kidogo.

2. Ashike mpira kwa vidole, si kwa kiganja kizima. Asiufinye.

3. Apeleke mpira nyuma, kiwiko kikiwa karibu usawa wa bega. Kiwiko kikining'inia chini, mkono hufanya kazi nyingi kuliko inavyofaa.

4. Apige hatua mbele kwa mguu wa kushoto. Hapa ndipo watoto wengi hukosea: hupiga hatua kwa mguu wa upande ule ule wa mkono unaorusha. Mfunge uzi mguu wa kushoto ili akumbuke.

5. Ageuze nyonga, kisha kifua, ndipo mkono ufuate na mpira uachiliwe.

6. Asiusimamishe mkono ghafla. Auache upite mbele ya mwili hadi upande wa goti la kushoto. Hivyo bega hupunguza mwendo polepole.

Kama mtoto wako hutumia mkono wa kushoto, usimlazimishe kubadilisha. Geuza tu hatua hizi. Na kama ana miaka 2 au 3, mwache arushe apendavyo. Kwa umri huo, kurusha kwa mkono tu ni kawaida.

NA MPIRA WENYE UMBO LA YAI?

Nakuru ni mji wa raga, na kijana wako huenda akaja na mpira wenye umbo la yai. Wamarekani nao wana mpira wao wa aina hiyo, mwembamba zaidi, ambao hurushwa juu ya bega. Hatua za mwili ni zile zile. Tofauti iko kwenye vidole. Aushike nyuma kidogo ya katikati, vidole vikiwa vimetanuka, na nafasi ndogo ibaki chini ya kiganja. Anapouachilia, vidole viuviringishe. Mpira unaozunguka vizuri husafiri bila kuyumba, kama vile pia inavyosimama wima ikizunguka. Kwa mtoto mwenye viganja vidogo, tafuta mpira mdogo. Akitumia mkubwa, atapinda kiwiko vibaya.

USALAMA

Ploti zetu ni finyu. Kabla ya kurusha, hakikisha hakuna jiko la makaa wala sufuria ya maji moto karibu. Weka sheria tatu: haturushi mawe, haturushi kwa mtu asiyetazama, na katika kati hatulengi kichwa. Jiwe moja laweza kupofusha jicho.

Aanze kwa kurusha polepole, umbali wa hatua tano, kisha aongeze. Usimwache arushe kwa nguvu saa nzima. Huko Marekani, katika ligi kubwa ya besiboli ya watoto, mrushaji wa miaka 7 au 8 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 50 kwa siku. Mbinu nzuri pia inahitaji mapumziko.

AKISEMA ANAUMWA

Mwache apumzike, asirushe hadi uchungu uishe kabisa. Weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 hivi. Usimkande kwa nguvu, wala usikubali mtu auvute mkono. Mpeleke zahanati iliyo karibu ikiwa:

- kiwiko hakinyooki, au hawezi kuinua mkono;
- pamevimba au pamepinda;
- vidole vina ganzi;
- uchungu unamwamsha usiku, au haujaisha baada ya siku chache za kupumzika.

Kiungo kikivimba na mtoto ana homa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

KUMBUKA: miguu kwanza, nyonga, kifua, kisha mkono. Mpira mwepesi, si jiwe. Uchungu ukija, apumzike.

Jioni ya leo, kazi zikiisha, tenga dakika kumi urushe mpira na mwanao, mvulana au msichana.